Mnyororo wa Silabi: Namna ya Kuandaa Mchezo wa Maneno katika Ubao wa Matangazo wa Simu

Utangulizi

Michezo ya maneno si jambo geni katika Kiswahili. Kabla ya kuwapo shule wala magazeti, watoto walikusanyika jioni wakategeana vitendawili, na aliyeshindwa kutegua aliombwa mji. Watoto wa pwani walizungumza kinyume, wakipindua silabi ili wakubwa wasiwaelewe. Washairi nao walilumbana: Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu, na baadaye kurasa za ushairi za magazeti zikaupokea utamaduni huo huo. Mmoja aliuliza kwa tungo, mwingine akajibu wiki mbili baadaye, na wasomaji wakangoja.

Makala haya yananuia kueleza namna mchezo wa maneno wa Kiswahili unavyoweza kuandaliwa katika chombo ambacho wengi wetu hatukukiwahi, yaani ubao wa matangazo wa tarakilishi unaofikiwa kwa kupiga simu. Huenda msomaji akajiuliza: kuna haja gani ya kurejelea chombo kikuukuu wakati simu ya mkononi imetapakaa kila mahali? Jibu letu ni kwamba ufinyu wa chombo hicho unamlazimisha mwandaaji kujibu maswali ambayo vyombo vya leo vinamruhusu kuyakwepa. Neno ni nini? Silabi inaanzia wapi? Na lililo zito zaidi kwa sisi tuliolelewa Eastlands: ni nani aliye na idhini ya kusema kwamba neno fulani si neno?

Ubao wa matangazo wa simu ulikuwa nini?

Ubao wa kwanza wa aina hii unaojulikana kwa umma ulifunguliwa Chicago, Marekani, mwezi wa Februari 1978 na Ward Christensen pamoja na Randy Suess. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Tarakilishi moja iliunganishwa na laini ya simu kwa kifaa kiitwacho modemu, ambacho hugeuza herufi kuwa sauti na sauti kuwa herufi tena. Mtu aliyekuwa na tarakilishi na modemu nyumbani kwake aliipigia simu tarakilishi ile, akasoma matangazo yaliyoachwa na wengine, akaacha yake, kisha akakata simu ili mwingine aingie. Ubao wenye laini moja ulimhudumia mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Ulifanana kabisa na ubao wa mbao ulio mlangoni pa ukumbi wa mtaa, isipokuwa aliyeusoma hakutoka nyumbani.

Mwaka 1984 Tom Jennings alianzisha FidoNet, mtandao uliowezesha mbao hizi kupigiana simu zenyewe, hasa usiku gharama zinapopungua, na kupokezana barua. Hapo ndipo Nairobi inapoingia katika historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Environment Liaison Centre International, shirika lililokuwa na makao yake jijini Nairobi, liliendesha kituo cha FidoNet kilichotumiwa na mashirika yasiyo ya kiserikali kupeleka na kupokea barua kupitia London. Ujumbe ulikusanywa, ukasubiri, ukapelekwa kwa mkupuo mmoja. Baadaye, katikati ya miaka ya 1990, kampuni za kwanza za intaneti zilifungua milango nchini, na mbao za simu zikaanza kusahauliwa.

Ikumbukwe kwamba chombo hiki hakikuwa cha kila mtu. Kwa mujibu wa sensa ya 1999, Kenya ilikuwa na watu wapatao milioni 28.7, ilhali laini za simu za mezani hazikufikia nusu milioni. Katika mitaa ya Eastlands, kama vile Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho na Dandora, kwa watu wengi simu ilikuwa ni kibanda cha barabarani na foleni yake. Kwa hiyo tunapozungumzia ubao wa simu na Eastlands, hatusemi kwamba vijana wa mitaa hiyo walikuwa wakipiga modemu usiku. Tunachosema ni kwamba masharti ya ubao huo, yaani laini moja, zamu, kungoja na uchache wa maneno, yanafanana mno na masharti ya maisha ambayo mitaa hiyo imeyazoea.

Kasi, kioo na uteuzi wa mchezo

Swali la kwanza kwa mwandaaji ni hili: ni mchezo gani utakaoingia katika waya mwembamba namna hii?

Modemu za mwaka 1978 zilisafirisha biti 300 kwa sekunde. Kwa kuwa kila herufi hugharimu takriban biti kumi zikiwamo zile za kuashiria mwanzo na mwisho wake, hiyo ni sawa na herufi 30 kwa sekunde. Kioo cha kawaida kilikuwa na safu 80 na mistari 24, yaani nafasi 1,920. Ukikokotoa utaona kwamba kukijaza kioo kimoja kulichukua zaidi ya dakika nzima. Modemu za biti 2,400 zilifanya kazi hiyo kwa sekunde nane.

Mtu wa kwanza kukijia kichwani mwake atakuwa Arthur Wynne, ambaye fumbo lake la maneno yanayokatizana lilichapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Fumbo la aina hiyo, kwa jina tulilolizoea la chemshabongo, linapendwa na wasomaji wengi wa magazeti yetu. Lakini jaribu kulichora kwa vistari na nukta. Mraba wa vyumba 15 kwa 15, ukiupa kila chumba kuta zake, unahitaji mistari 31. Kioo chetu kina 24 tu. Mchezaji atangoje mchoro, kisha aupandishe na kuushusha, na huku simu inahesabu.

Kuna kikwazo kingine kinachohusu lugha yenyewe. Maneno mengi ya Kiswahili hufuata mpangilio wa konsonanti na irabu kwa kupokezana, na takriban yote huishia kwa irabu. Hili lina faida yake: katika mraba, vyumba vya konsonanti na vya irabu hujipanga vyenyewe kama ubao wa drafti, na maneno hukatizana kwa urahisi. Tatizo huzuka pale zinapotokea ch, dh, gh, ny, sh, th na hasa ng'. Je, sh ikae katika chumba kimoja au viwili? Ukiiweka katika viwili, mpangilio unavurugika. Ukiiweka katika kimoja, mchezaji lazima aelezwe mapema. Hakuna uamuzi usio na gharama.

Kwa sababu hizo, makala haya yanapendekeza mchezo wa mnyororo wa silabi. Mchezaji wa kwanza anaandika neno. Anayefuata anaandika neno linaloanza kwa silabi ya mwisho ya neno lililotangulia. Kwa mfano: meza, zabibu, bustani, nidhamu, muhogo, godoro, roho, homa, maji, jiko, kobe, bega, gari. Mchezo huu unahitaji kusafirisha neno moja tu kwa zamu, hauhitaji mchoro wowote, na unaendana na umbo la Kiswahili kuliko umbo la Kiingereza. Lugha ambayo maneno yake huishia kwa konsonanti mbilimbili au tatu haiwezi kuuendesha mnyororo huu kwa wepesi. Kiswahili kinaweza, kwa kuwa silabi yake ni wazi.

Kuitambulisha silabi kwa mashine

Sisi wazungumzaji hatufikirii silabi, tunazitamka. Mashine haitamki, kwa hiyo lazima ipewe kanuni. Kanuni ya msingi ni hii: anza mwishoni mwa neno, chukua irabu ya mwisho, kisha rudi nyuma ukichukua konsonanti hadi ukutane na irabu nyingine. Ulichokusanya ndicho silabi ya mwisho. Godoro litakupa ro. Jambo litakupa mbo. Kioo litakupa o peke yake, kwa sababu irabu mbili zinazofuatana ni silabi mbili.

Kanuni hii inafaa kwa maneno mengi, lakini haifai kwa yote. Neno mwanamke litaipa mashine silabi mke, hali sisi tunajua kwamba ni mwa-na-m-ke, na kwamba m hapo imesimama peke yake. Basi tunaongeza kanuni ya pili: m ikifuatwa na konsonanti isiyokuwa b, v, w au y, ihesabiwe kuwa silabi kamili. Kisha yanakuja maneno ya mkopo yenye silabi funge katikati. Labda litatoa bda badala ya da. Taksi litatoa ksi badala ya si. Haya hayana kanuni nyepesi, na njia bora ni kuyaorodhesha kando pamoja na silabi zake sahihi. Orodha hiyo hiyo itabeba maneno mafupi kama nchi na nta, ambayo n yake ni silabi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni neno mbuni. Tuseme mchezaji ameandika umbu, neno la kale lenye maana ya ndugu wa kike. Silabi iliyobaki ni mbu. Mwenzake anaandika mbuni. Je, apewe alama? Ikiwa amekusudia ndege mkubwa asiyeruka, silabi zake ni mbu-ni, na jibu ni sahihi. Ikiwa amekusudia mti uzaao buni, silabi zake ni m-bu-ni, na jibu si sahihi. Herufi ni zile zile tano. Mashine haiwezi kuamua. Ni mtu tu awezaye, na ni mpaka aulizwe. Hapa somo la fonolojia ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulikariri kwa ajili ya mtihani linageuka kuwa ugomvi wa kweli kati ya watu wawili wanaotaka alama moja.

Orodha ya maneno na mipaka yake

Mchezo unahitaji hakimu, na hakimu wa kawaida ni orodha ya maneno. Ukubwa si tatizo. Maneno 10,000, yakiwa na wastani wa herufi saba na alama ya kuyatenganisha, yatachukua takriban kilobaiti 80. Diski laini ya kilobaiti 360 ya miaka ile ingeyabeba bila taabu. Hati pia si tatizo. Mfumo wa herufi uitwao ASCII, uliowekwa mwaka 1963, una nafasi 128 tu na umezinyima nafasi lugha nyingi zenye alama juu ya herufi. Kiswahili cha hati ya Kilatini kinaingia chote, pamoja na ritifaa ya ng'. Kiswahili cha hati ya Kiarabu, ambacho kilibeba tenzi zetu kwa karne kadhaa, hakiingii kabisa.

Tatizo ni kuamua umbo gani la neno likubalike. Tukikubali vitenzi vilivyonyambuliwa kwa viambishi vya nafsi na njeo, mchezo utakufa siku ya kwanza. Mchezaji aliyeachiwa silabi ni ataandika nitakula, kesho nitakwenda, keshokutwa nitalala, wala hatahitaji kufikiri. Vivyo hivyo kwa tu, wa, ki na u. Kwa hiyo kitenzi kiingie kama kinavyoorodheshwa katika kamusi: cheza, si kucheza wala tumecheza. Nomino zenye kiambishi cha mahali, kama mezani na nyumbani, zisiruhusiwe, kwani zote huishia kwa ni. Majina ya watu na ya mahali nayo yasiruhusiwe, isipokuwa pale nitakapoeleza hivi punde.

Taratibu za zamu

Baada ya hayo, mchezo wenyewe unaweza kuelezwa kwa hatua chache.

1. Mchezaji anapiga simu, anajitambulisha kwa jina na neno la siri, na kuchagua mchezo.

2. Programu inamwonyesha maneno matano ya mwisho, jina la aliyeandika la mwisho, na silabi inayotakiwa. Haya hayazidi mistari saba, kwa hiyo hayachukui muda.

3. Mchezaji anaandika neno. Programu inakagua mambo matatu kwa mpangilio huu: neno linaanza kwa silabi inayotakiwa? Limekwisha kutumiwa? Limo katika orodha?

4. Neno likikubaliwa, linaandikwa katika faili pamoja na tarehe, saa na jina. Silabi mpya inatangazwa, na mchezaji huyo haruhusiwi kuandika tena hadi mwingine aandike.

5. Mchezaji akishindwa, anaandika MJI na kuongeza jina la mtaa: Kaloleni, Maringo, Umoja. Mtaa huo unakuwa mali ya yule aliyeacha silabi ngumu.

Hatua ya tano inatokana moja kwa moja na kitendawili, na ndiyo inayoupa mchezo ladha. Badala ya alama zisizo na sura, kila mchezaji ana miji yake. Aliyeandika chungwa akamwachia mwenziwe silabi ngwa, ambayo si rahisi kuipatia neno, amejipatia Buruburu nzima. Wanaocheza kwa muda hujifunza kuhifadhi maneno ya namna hiyo kama silaha.

Ubao wenye laini moja una sifa nyingine inayomfaa mwandaaji: wawili hawawezi kuandika kwa wakati mmoja, kwa hiyo faili haiwezi kugongana. Kinachohitajika ni kikomo cha muda, tuseme dakika tano kwa kila simu, ili mmoja asiwazuie wengine.

Tulichokiona mtaani

Ili kuyapima haya, tulichukua tarakilishi mbili kuukuu tukaziunganisha kwa waya na kuipunguza kasi yake hadi biti 2,400 kwa sekunde. Moja ikawa ubao, nyingine ikawa simu ya mpigaji. Tuliziweka katika ukumbi mmoja wa kijamii Eastlands kwa siku chache za likizo ya shule, na kuwaalika vijana wacheze mmoja mmoja. Orodha tuliyoitumia tuliiandaa wenyewe kwa kufuata kamusi, na tuliamini kwamba imekamilika.

Kijana wa kwanza alikuta neno mlango. Akaandika ngombe. Mashine ikamjibu: neno hili halimo. Akajaribu tena, akiamini amekosea kubonyeza. Neno hili halimo. Alitugeukia akauliza kama Kiswahili hakina ng'ombe. Tulimweleza kuhusu ritifaa, na kwamba hata akiiweka neno halitafaa, kwa kuwa silabi inayotakiwa ni ngo, si ng'o. Tulimwonyesha ngoa, yenye maana ya wivu, na ng'oa, yenye maana ya kutoa kitu kilichochimbiwa ardhini. Alicheka, akaandika ngoma, akaendelea. Huyo tulimpata.

Wa pili hatukumpata. Alikuwa msichana mdogo zaidi, na silabi yake ilikuwa ma. Akaandika mathe. Neno hili halimo. Alisoma jibu lile mara mbili, akasimama, akatoka. Hakuuliza lolote. Silabi ma ni miongoni mwa zile rahisi kuliko zote; angeweza kuandika maji, mama, mahindi. Lakini neno lililomjia kwanza lilikuwa lile analomwitia mamake kila siku, na mashine yetu ilimwambia kwamba halimo. Haikusema si sanifu. Haikusema liko mahali pengine. Ilisema halimo.

Tangu siku hiyo nimeliona jibu lile kuwa kosa letu wenyewe.

Sheng katika mnyororo

Wataalamu wengi huihusisha Sheng na mitaa ya Eastlands ya miaka ya 1970, ingawa wapo wanaoona dalili zake tangu miaka ya 1930. Mitaa hiyo iliwakusanya wafanyakazi wa reli, wa viwandani na wa manispaa kutoka jamii nyingi, na watoto wao wakakutania katika Kiswahili walichokikuza kwa mahitaji yao. Mwaka 2003 TUKI ilichapisha kamusi ya Sheng na Kiingereza ya Ireri Mbaabu na mwenziwe. Mwaka 2018 Chege Githiora alichapisha kitabu kinachoitazama Sheng kama aina ya Kiswahili cha Kenya. Kwa hivyo suala hili si la vijana wa kona pekee; limefika vyuoni.

Wapo walimu wetu watakaosema kwamba mchezo wa chama cha Kiswahili hauna budi kulinda Kiswahili sanifu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwanafunzi wa Eastlands anaandika insha ya mtihani katika Kiswahili sanifu, na mtahini hatamwonea huruma kwa kuandika mathe. Kumficha ukweli huo si kumpenda. Aidha, mchezo usio na mipaka si mchezo.

Hata hivyo, tukumbuke kwamba usanifu nao una historia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi hiyo. Siku hiyo maneno mengi ya Kimvita na Kiamu yalibaki nje ya mlango, lakini hayakukoma kuwa maneno. Mwenyeji wa Lamu anayesema mato hajakosa macho. Kutokuwamo katika orodha ni habari inayohusu orodha.

Mnyororo wa silabi una jambo la kutufundisha hapa pia. Tulipowaomba vijana watuandikie maneno ya mtaani, baadhi yaliingia bila shida: keja, risto, mathe, yote yana silabi wazi mwishoni. Risto lenyewe ni stori iliyopinduliwa, mbinu ile ile ya kinyume cha watoto wa pwani. Lakini mengine yaliishia kwa konsonanti: mboch, na Koch kwa Korogocho. Mashine ilitafuta irabu ya mwisho isiione. Mwenye kuandika neno kama hilo amefunga mlango, na mwenziwe hana pa kuingilia. Kumbe mchezo wa watoto unaweza kubainisha, bila mhadhara, mahali ambapo Sheng inafuata muundo wa silabi ya Kiswahili na mahali inapoachana nao.

Suluhisho tulilolifikia ni kuwa na orodha tatu badala ya moja: ya sanifu, ya lahaja na ya mtaa. Neno la sanifu linaendeleza mnyororo na kumhesabia mchezaji alama mbili. Neno la lahaja au la mtaa linaendeleza mnyororo kwa alama moja, kwa sharti kwamba mchezaji aandike maana yake kwa Kiswahili sanifu katika mstari mmoja. Neno lisilo na irabu mwishoni linahifadhiwa orodhani lakini haliendelezi mnyororo. Na neno ambalo halipo popote haliambiwi tena halimo. Jibu la mashine sasa ni: neno hili hatujalipata bado, tueleze maana yake. Maelezo hayo yanakaa ubaoni, na wachezaji wawili wengine wakilithibitisha, msimamizi huliingiza katika orodha inayolistahili.

Sharti la kuandika maana ndilo lenye uzito. Mtoto anayeandika kwamba mathe ni mama mzazi amevuka kutoka mtaani hadi darasani kwa mstari mmoja, wala hakuambiwa aache chochote nyuma. Ameonyeshwa pia, kupitia alama, kwamba kuna mahali ambapo neno moja litampa zaidi kuliko lingine. Hatujamdanganya.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mchezo wa maneno unaofaa ubao wa simu ni ule unaosafirisha kidogo na kudai mengi. Kwamba umbo la silabi ya Kiswahili linaufaa mnyororo kuliko mraba. Kwamba kanuni za silabi zinaweza kuandikwa kwa mashine, ila zina mipaka ambayo ni mtu tu awezaye kuivuka. Na kwamba swali la orodha ya maneno ni swali la nani anakaribishwa.

Mbao za simu zimepita. Nyaya za intaneti zilizofika pwani yetu mwaka 2009, na simu za mkononi zilizotangulia, zimetuondolea foleni ya laini moja. Lakini mchezo huu hauhitaji modemu ili uchezwe. Unaweza kuandikwa kwa chaki katika ubao wa ukumbi, katika tawi la maktaba la Kaloleni au la Makadara, neno moja kwa siku, na kila apitaye akaongeza lake. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo imekamilika katika karatasi. Katika mitaa bado tuna kazi, nayo ni pamoja na kumtafuta yule msichana aliyetoka bila kuuliza, na kumwambia kwamba silabi yake ingali inamsubiri.

Wanachama wenzangu, mnyororo uko wazi. Atakayeshindwa, atupe mji.